Uzi maalumu: 4WD za zamani Nyanda za Juu Kusini, kuanzia ukaguzi wa kununua mpaka oili ya difu

#1 Spana17

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wenzangu wa Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa wanaomiliki au wanaotaka kununua gari la zamani linalosukumwa na magurudumu yote manne. Barabara zetu zinajieleza zenyewe: Isyonje kupanda Kitulo, kona za Chimala kwenda Matamba, Ludewa masika yakikolea, njia za ndani za Tukuyu ambako udongo unageuka sabuni. Mahitaji yapo. Kinachouma ni kwamba magari haya yanabebeshwa sifa mbaya isiyo yao. Utasikia "Subaru ni presha", "full-time inakula hela", halafu ukilala chini ya gari lenyewe unakuta tairi nne za aina tatu na oili ya difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu) haijaguswa tangu gari lishuke melini.

Msimamo wangu, na nitautetea: mfumo wa 4WD haufi kwa uzee. Unauawa na tairi zisizolingana, oili iliyosahaulika, na propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma) kung'olewa na mtu asiyejua gari lake lina mfumo gani. Kwa hiyo kabla ya yote, jua gari lako ni la ukoo upi.

Ukoo wa kwanza una difu ya kati yenye viskasi ndani, yaani kikombe cha sahani zilizozama kwenye oili nzito. Hapa wapo Forester, Impreza na Legacy za gia za mkono, na RAV4 ya pili (ACA21). Nguvu inagawanywa mbele na nyuma muda wote, na viskasi inakaza upande mmoja ukianza kuteleza.

Ukoo wa pili hauna difu ya kati. Gari linavuta mbele, na viskasi imekaa kwenye njia ya propela kwenda nyuma: Corolla Fielder, Probox na Ist zenye 4WD.

Ukoo wa tatu unatumia sahani za klachi. Forester nyingi za auto zina pakiti ya klachi mkiani mwa giaboksi, inayobanwa kwa presha ya ATF (oili ya giaboksi ya auto) na kuamriwa na kompyuta. X-Trail T30 inabana kwa umeme. CR-V ya kwanza (RD1) ina pampu mbili ndani ya difu ya nyuma: mzunguko wa mbele na nyuma ukitofautiana, presha inapanda na klachi inabana.

Wa nne ni 4WD ya kuchomeka kwa mkono, Escudo za kabla ya 2005. Haina difu ya kati kabisa.

Karibuni tuchangie. Naomba tubaki kwenye mambo yanayopimika.

#2 Loleza

Shukrani mkuu. Swali la haraka: kuna Forester SF5 ya auto inauzwa hapa Mwanjelwa. Dalali anasema propela imetolewa "ili ipunguze kula mafuta" na ipo kwenye buti, ukinunua unarudishia tu. Bodi nzuri, injini haina moshi. Ni sawa?

#3 Dada Gia

@Loleza kaka, usilipe chochote kwanza.

Kwenye Forester ya auto, sababu ya kweli ya kutoa propela karibu kila mara ni kuficha gari linalojifunga kwenye kona. Ile pakiti ya klachi aliyoitaja Spana17 ikibana wakati haitakiwi, mbele na nyuma vinalazimishwa kuzunguka sawa. Kwenye kona gurudumu la mbele linapita njia ndefu kuliko la nyuma, kwa hiyo gari linagoma, linatingishika, linakuwa kama limevutwa handbreki. Ukitoa propela ugonjwa hauonekani, lakini upo.

Halafu hesabu ya mafuta haina maana. Difu ya nyuma na shafti zake bado zinazungushwa na magurudumu. Unachookoa ni kidogo mno, tairi zenye upepo pungufu zinakula mafuta zaidi ya hiyo propela.

Madhara ya kuitoa yanategemea ukoo:

Forester ya auto: ncha ya propela ndiyo inayoziba sili ya mkiani mwa giaboksi. Ukiichomoa ukaacha wazi, ATF inamwagika barabarani. Wengine wanachomeka kipande cha propela iliyokatwa ili kuziba. Ukikiona hicho kipande, jua historia.

Forester ya mkono na RAV4 ACA21: hapa ndipo uharibifu mkubwa. Difu ya kati inapeleka nguvu upande usio na mzigo, na gari linasogea kwa sababu viskasi peke yake inashikilia. Viskasi haikuundwa kubeba gari zima kutoka Uyole mpaka Makambako. Inachemka na kuungua. Ukija kurudisha propela, unakuta imeganda au imekufa kabisa.

Fielder na Probox: haina madhara ya haraka. Unabaki na gari la kuvuta mbele lenye uzito wa ziada nyuma.

Kwa hiyo sharti lako liwe moja: propela irudishwe kwa gharama ya muuzaji, mbele yako, uendeshe dakika 20 mpaka giaboksi ipate moto, ndipo upige kona za kukunja mwisho. Kujifunga kwingi kunajitokeza oili ikiwa ya moto.

#4 Spana17

Dada amemaliza. Naongeza mtego mmoja ambao wengi hawaujui. Forester nyingi za auto za wakati huo zina kishikizo cha fyuzi ndani ya boneti, mara nyingi karibu na ukuta wa nyuma au juu ya shokapu, kimeandikwa FWD. Kikiwa kitupu, 4WD inafanya kazi. Ukichomeka fyuzi ya 15A, kompyuta inaachia klachi ya nyuma na gari linavuta mbele tu, na taa ya FWD inawaka kwenye dashibodi. Kiliwekwa kwa ajili ya kuvuta gari bovu au ukifunga tairi ndogo ya akiba.

Muuzaji anaweza kuchomeka fyuzi hapo, gari likakata kona laini kabisa. Ukifungua boneti, tafuta hicho kishikizo kwanza. Kina fyuzi? Itoe, ndipo ujaribu.

Jambo lingine: ukiwasha swichi, tazama taa ya AT OIL TEMP. Inatakiwa iwake kidogo na kuzima. Ukiwasha injini ikawa inapepesa mfululizo, mara 16, maana yake kompyuta ya giaboksi ina kosa limehifadhiwa. Na taa isiyowaka kabisa hata swichi ikiwa on, balbu imetolewa.

#5 Kashata Nane

Wakuu mmefungua mlango mzuri, niingie na tairi, maana chanzo cha hizo klachi na viskasi kufa ni hapa, na hapa ndipo tunapobishana sana na wateja.

Subaru wanataka mzingo wa tairi zote nne usitofautiane zaidi ya robo inchi, yaani milimita 6 na kidogo. Watu wakisikia hivyo wanadhani ni kupungukiwa kidogo tu kwa macho. Piga hesabu. Kashata (meno ya juu ya tairi) ikiisha milimita 1, nusu kipenyo cha tairi kinapungua milimita 1, na mzingo unapungua milimita 6.28. Kwa hiyo ruhusa yako yote ni milimita moja ya kashata. Moja.

Sasa chukua hali ya kawaida kabisa. Tairi ya 205/70R15 ina mzingo wa karibu milimita 2,099 ikiwa mpya. Zako tatu zimebaki kashata milimita 3, ya nne imepasuka, umenunua mpya yenye milimita 8. Tofauti ya kashata ni 5, tofauti ya mzingo ni milimita 31. Tairi kubwa inazunguka kama mara 476 kwa kilomita, ndogo kama mara 484. Difu ya ekseli hiyo inagawa nusu, kwa hiyo kwenye ekseli tofauti ni kama mizunguko 3.6, lakini propela inazunguka mara 4 na zaidi kwa kila mzunguko wa gurudumu. Unapata zaidi ya mizunguko 14 ya ugomvi kwa kila kilomita, kati ya propela na mbele ya gari, gari likiwa limenyooka barabarani, halijakata kona hata moja. Mbeya mpaka Iringa ni zaidi ya kilomita 300. Ugomvi wote huo unamalizikia kwenye viskasi au sahani za klachi kama joto. Ndiyo maana inakufa taratibu, bila kelele, na mtu anasema "gari bovu".

Namna ya kupima bila mashine: jaza upepo sawa kwenye tairi zote asubuhi zikiwa za baridi. Inua gurudumu. Chukua uzi wa katani au kamba ya kushonea viatu isiyovutika, zungusha katikati ya kashata mara moja, kaza, tia alama ya kalamu pale ncha zinapokutana. Nyoosha uzi sakafuni, pima kwa futi ya chuma. Rudia tairi zote nne kwa uzi uleule na mkono uleule. Futi ya fundi cherehani haifai, ni fupi.

Ukipasua tairi moja na zilizobaki zimeisha nusu, tafuta mtumba wa chapa ileile, muundo uleule, kashata sawa. Kama hupati, nunua nne. Najua inauma. Kubadilisha mbili mbele na mbili nyuma, zikiwa na tofauti ya milimita 3, si nafuu: hapo ekseli nzima inatofautiana na mwenzake na hakuna cha kugawa nusu.

Ukienda kwenye tairi za mtumba soma namba nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi yenye kashata nzuri lakini ya miaka kumi na zaidi imekuwa gome, na kwenye utelezi wa Isyonje hiyo 4WD yako haitakusaidia.

Zungusha tairi mbele na nyuma kila kilomita 8,000 mpaka 10,000 ili ziishe pamoja.

#6 Ipogolo Diesel

Mkuu Kashata, hii hesabu niiprinti niibandike ukutani gereji. Swali: viskasi naipima vipi ikiwa gari liko kwangu, sina mashine?

#7 Dada Gia

@Ipogolo Diesel kwa ukoo wa kwanza na wa pili fanya hivi. Sakafu ngumu na tambarare. Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma, vuta handbreki, gia ya N, injini imezimwa. Inua gurudumu moja tu la mbele, weka stendi, usitegemee jeki. Shika tairi kwa mikono miwili, lizungushe.

Viskasi nzima: gurudumu linakubali lakini polepole, kama unakoroga ugali umeanza kukaza. Ukiongeza nguvu halikimbii, linaendelea kubisha vilevile. Likizunguka huru, viskasi imekufa na nyuma hakuna msaada. Likigoma kabisa, imeganda, na hiyo ndiyo inayokula tairi, inayopasua transfa (giaboksi ndogo inayopeleka nguvu nyuma) na kulia kwenye kona.

Jaribio la barabarani: eneo tambarare, usukani umekunjwa mwisho, rudi nyuma taratibu, ondoa mguu kwenye mafuta. Gari lenye viskasi nzima linaendelea kubingirika. Lenye viskasi iliyoganda linasimama kama limekanyagwa breki.

Viskasi haitengenezwi, inabadilishwa. Na usifunge ya mtumba kabla ya kusawazisha tairi, utaiua ndani ya mwezi.

#8 Spana17

Sasa oili, na hapa nitaenda polepole.

Kanuni ya kwanza kabisa: fungua nati ya kujazia kabla ya nati ya kumwagia. Nati za difu zilizokaa miaka kumi zinaganda. Ukimwaga oili kwanza halafu ya kujazia ikagoma, gari halitoki hapo. Difu za nyuma za Subaru hizi zina tundu la mraba la nusu inchi, unaingiza mpini wa racheti moja kwa moja. Sugua kwanza kwa brashi ya waya, toa tope lote tunduni, la sivyo mpini hauzami vizuri na unakula kona za nati.

Difu ya nyuma ya Forester: karibu lita 0.8 ya oili ya gia ya daraja la GL-5, uzito 75W-90. Jaza mpaka oili ianze kutiririka kwenye tundu la kujazia, gari likiwa limelala sawa. Giaboksi ya mkono: karibu lita 3.5 ya GL-5 hiyohiyo, kwa sababu oili moja inalainisha gia na difu ya mbele pamoja. Usiweke GL-4 eti ni "ya giaboksi". Meno ya difu ya mbele yanahitaji GL-5.

Forester ya auto ina mambo mawili tofauti yaliyokaa pamoja: giaboksi yenye ATF, na difu ya mbele yenye oili yake, karibu lita 1.2. Kuna stiki mbili za kupimia oili na nati mbili za kumwagia. Kosa linaloua magari mengi: fundi anamwaga nati moja akidhani ni ATF, kumbe ni difu, halafu anaongeza ATF juu. Difu ya mbele inakwenda kavu na giaboksi imefurika. Kabla hujamwaga, chomoa stiki zote mbili, futa kwenye kitambaa cheupe. ATF ni nyekundu au kahawia ikiwa imechoka. Oili ya difu ni nzito, rangi ya asali, na inanuka kiberiti. Ukianza kumwaga na kinachotoka hakifanani na ulichotarajia, simama hapohapo.

RAV4 ACA21: transfa na difu ya nyuma zina oili zake, kila moja chini ya lita moja, GL-5 75W-90. Transfa ndiyo inayosahaulika kwa sababu haionekani mpaka ulale chini.

CR-V RD1 iandikwe kwa wino mwekundu: difu ya nyuma HAITUMII oili ya difu ya kawaida. Inatumia ile ya Honda ya pampu mbili, takriban lita moja. Ukiweka 80W-90 zile pampu na sahani zinateseka, na kwenye kona kali utasikia mngurumo mzito nyuma. Mngurumo huohuo unatokea oili sahihi ikichoka. Mwaga, jaza iliyo sahihi, endesha ukichora nane uwanjani mara kadhaa kulia na kushoto. Nyingi zinanyamaza. Usikubali kuambiwa difu imekufa kabla ya hatua hii.

Kwa barabara zetu, difu na transfa kila kilomita 40,000. Anayevuka maji aangalie baada ya kila msimu. Difu ya moto ikizama ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na inavuta maji kupitia sili au bomba la kupumulia. Oili ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia: mwaga, jaza, endesha kilomita 50, mwaga tena. Hilo bomba la kupumulia juu ya difu likizibwa na tope, presha inatafuta njia na sili zinaanza kuvuja. Watu wanabadilisha sili tatu kumbe dawa ni kuchokoa tundu.

#9 Loleza

Na hiyo Forester ikionekana kweli inajifunga, inatibika au nikimbie?

#10 Spana17

Inatibika mara nyingi, kwa mpangilio huu. Usiruke hatua.

Kwanza tairi, upime kama Kashata alivyosema. Pili, badilisha ATF. Ukimwaga kwa nati zinatoka kama lita 4 tu, nyingine kama lita 5 zinabaki ndani ya konveta. Kwa hiyo mwaga na jaza mara tatu, ukiendesha kilomita chache kati ya kila mara. Nunua lita 12 za ATF ya Dexron III kwa SF5. Gari nyingi zinapona hapa, maana klachi zinanasa kwa oili iliyoungua.

Tatu, ikibaki inajifunga, chomeka fyuzi ya FWD. Kama kona zinakuwa laini, solenoidi (vali ya umeme inayoongoza klachi hiyo) inasikia amri, na tatizo linaweza kuwa sensa, waya au kompyuta. Kama haibadiliki hata kidogo, solenoidi C imekufa au imekwama, au sahani zimechimba mifereji kwenye kikombe chake na zinashindwa kuachia. Mfumo huu umeundwa hivi: solenoidi ikikosa umeme, klachi inabana kabisa. Ndiyo maana ugonjwa wake ni kujifunga.

Habari njema ni kwamba solenoidi hiyo na pakiti yake zipo mkiani. Propela inashushwa, boriti ya chini inafunguliwa, mkia unatoka, giaboksi inabaki juu ya gari. Fundi atakayekuambia lazima ashushe giaboksi nzima, mwombe akueleze kwa nini.

Toa gharama ya yote hayo kwenye bei kabla ya kukubaliana.

#11 Mlima Nyoka

Naomba tusiisahau injini, maana watu wa huku juu wana tatizo lao. Mbeya mjini ni takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Kitulo ni zaidi ya mita 2,600, yanachemka karibu 91. Injini inataka kufanya kazi pale pale kwenye nyuzi 90 na kitu. Kinachokuokoa ni mfuniko wa rejeta. Ulioandikwa 0.9 ukiwa mzima unapandisha kiwango cha kuchemka mpaka nyuzi 115 hivi, hapahapa Mbeya. Mpira wake ukikauka, gari linachemsha kupanda Mlima Nyoka wakati Dar lilikuwa linakwenda vizuri, na unaanza kubadilisha pampu, themostati na rejeta bure.

Badilisha mfuniko kwa namba ileile uliyoikuta. Forester ya turbo ina mifuniko miwili, ya rejeta na ya tangi dogo juu ya injini, usibadilishane, haifanani.

Maji matupu acheni jamani. Kulanti nusu kwa nusu na maji safi. Maji ya bomba yanaacha magadi na kutu kwenye njia nyembamba za silinda hedi.

Kutoa upepo kwenye injini ya Subaru iliyolala: elekeza pua ya gari mlimani, fungua skrubu ndogo ya plastiki juu ya rejeta, hita weka joto la mwisho. Jaza polepole, kwa turbo jazia kwenye tangi la juu, huku unabinya hozi kubwa ya juu kwa mkono. Utahisi mapovu yakipita chini ya vidole, kama chupa inayojazwa kisimani. Yakiisha funga skrubu, washa, subiri feni iwake na kuzima mara mbili, ongeza. Hita ikitoa baridi wakati geji inapanda, upepo bado upo: zima, usiende popote.

Mapovu yasiyoisha kwenye chupa ya akiba injini ikiwa ya moto, na hozi inakuwa ngumu kama jiwe dakika chache tu baada ya kuwasha, hiyo ni gasketi ya hedi.

RAV4, Harrier na Kluger zenye injini za 1AZ na 2AZ za miaka ya mwanzo ya 2000: mulika tochi nyuma ya injini, upande wa ukuta, pale hedi inapokutana na bloku. Michirizi ya kulanti iliyokauka hapo inaonyesha bolti za hedi za nyuma zimekata uzi kwenye bloku la alumini. Kubadilisha gasketi peke yake hakusaidii, bolti hazitashika. Uzi unatakiwa utobolewe upya na kufungwa vikombe vya chuma. Ukimwona muuzaji anasema "gasketi ilibadilishwa juzi tu", uliza kuhusu uzi wa bolti.

#12 Kashata Nane

Mkuu umenikumbusha taimingi belti ya EJ20, injini ya hizi Subaru. Kilomita 100,000, na mpira unazeeka hata gari likiegeshwa, kwa hiyo gari lisilo na historia badilisha siku unayonunua: belti, tenshena, rola zote na pampu ya maji. Kwenye DOHC (yenye kamshafti mbili kila upande) belti ikikatika vali zinagonga pistoni.

Kosa la kawaida: puli ya kranki ina mshale na pia kifundo chenye alama nyuma yake. Fuata kialama cha kifundo, SI mshale. Tenshena ibane kwenye vaisi ikiwa imesimama wima, polepole, dakika kadhaa, halafu chomeka pini. Ukiibana kwa haraka au imelala, sili yake inakufa na belti italegea. Ukimaliza, zungusha kranki kwa mkono mizunguko miwili, boksi namba 22. Ikigusa kitu kigumu, rudi nyuma.

#13 Binti Makete

Habari zenu kaka zangu na dada. X-Trail T30 ya petroli inazima yenyewe ikishapata moto, ikipoa inawaka kama kawaida. Fundi anataka kubadilisha pampu ya mafuta. Na swichi ya LOCK huwa inarudi yenyewe AUTO, hilo nalo ni kosa?

#14 Dada Gia

Karibu sana mdogo wangu. LOCK kurudi AUTO ukizidi kilomita 30 kwa saa ni utaratibu wake, si kosa.

Kuzima ikiwa ya moto kwenye QR20, hiyo injini yako, anza na sensa za kamshafti na kranki. Zinajulikana kwa hilo. Isomwe kwa mashine. Hata isipoonyesha kosa, jaribu hivi: ikizima, mwagia maji baridi kitambaa uipoze sensa nacho, ikiwaka mapema kuliko kawaida umempata mhalifu. Badilisha zote mbili pamoja. Pampu ya mafuta ipimwe presha kabla ya kuhukumiwa.

#15 Ipogolo Diesel

Kelele nazo, kwa ufupi. "Tak tak tak" ukikata kona na kukanyaga mafuta ni sivi jointi (kiungio cha shafti ya gurudumu) ya nje. Mtetemo ukipanda mlima umenyooka ni ya ndani. Mpira wa sivi ukichanika leo, badilisha leo na grisi mpya. Vumbi la Chunya likishaingia ni jointi nzima.

Mvumo unaoongezeka na mwendo, hasa nyuma kwenye Forester na Impreza, ni beringi. Kuijua ni upande gani: inua gari, shika springi kwa vidole vya mkono mmoja, zungusha gurudumu kwa mwingine. Beringi mbovu inapeleka mtetemo mdogo kwenye springi unaousikia vidoleni, kama changarawe ndani ya mfuko. Upande mzima umetulia.

#16 Loleza

Wakuu nimeandika yote. Nakwenda kuliona tena Jumamosi. Nipeni mpangilio wa siku hiyo.

#17 Spana17

Nenda saa moja asubuhi, mwambie asiwashe. Gusa injini, ikiwa ya moto, ahirisha. Fungua rejeta, tazama utando wa oili. Vuta stiki zote tatu: injini, ATF na difu ya mbele. Tafuta kishikizo cha FWD. Pima tairi kwa uzi. Lala chini: sili, mipira ya sivi, nati za difu kama zimewahi kufunguliwa, na kama kuna kipande cha propela kwenye mkia.

Washa, simama nyuma: moshi wa bluu unaoendelea ni oili. Acha ifike joto, sikiliza hita. Propela ikisharudishwa, endesha mpaka Uyole na upande Mlima Nyoka. Ukishuka tumia gia ya chini, usikilize kama giaboksi inapiga. Kisha tafuta uwanja mgumu, kunja usukani mwisho, kulia na kushoto, mbele na kinyume.

Namba ya chesesi iliyogongwa kwenye chuma ilingane na kadi, jina la kadi lilingane na kitambulisho cha anayepokea hela, na namba ya gari iangaliwe kama ina deni la faini za barabarani. Mkataba uandikwe, umiliki ukahamishwe TRA.

Fyuzi ya 15A nenda nayo mfukoni.

#18 Escudo ya Njombe

Na sisi wa 4WD ya kuchomeka mmetuacha. 4H (wenzo ukiwa kwenye magurudumu manne, 2H ni mawili) kwenye lami ya mvua inaruhusiwa?

#19 Dada Gia

Hapana, lami ni lami, mkuu. Escudo ya kabla ya 2005 haina difu ya kati, kwa hiyo 4H ni kwa tope, changarawe au mchanga, mahali ambapo tairi inaweza kuteleza na kulegeza shafti. Ukishatoka kwenye tope na wenzo ukagoma kurudi 2H, usiulazimishe: rudi nyuma mita tano umenyoosha usukani, shafti zitalegea, utashuka wenyewe. Za 2005 kuendelea zina difu ya kati. 4H yake ni ya kila siku, ila 4H LOCK ifuate sheria hiyohiyo.